Ukiona vyaelea, vimeundwa: Tusiupuuze uraibu wa treni

Swali moja ambalo halikosi katika somo la Kiswahili, tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu, ni lile linalomtaka mwanafunzi aeleze uraibu wake. Majibu nayo tumekwisha kuyazoea. Mwanafunzi atasema kwamba anapenda kusoma vitabu vya hadithi, kusikiliza muziki, kutazama kandanda na kuwatembelea marafiki. Ukimdadisi akutajie kitabu alichokisoma juma lililopita, ataanza kujikuna kichwa. Ni nadra kumpata kijana atakayejibu kwamba uraibu wake ni kupiga picha vichwa vya treni za dizeli, au kuunda reli ndogo ya mfano juu ya meza. Na iwapo atatokea mmoja wa kujibu hivyo, sina shaka wenzake watamcheka, na huenda mwalimu wake akamshauri atafute jambo la maana la kufanya.

Rai yangu ni kwamba kijana huyo hastahili kuchekwa. Anastahili kusaidiwa, tena kwa haraka, kwa sababu anachokipenda kinatoweka mbele ya macho yetu na hakuna anayekiwekea kumbukumbu.

Mimi ni mwanaisimu, na ada ya wanaisimu ni kulichunguza neno kabla ya kuliendea jambo lenyewe. Neno uraibu lina safari yake. Hapo kale lilihusu vitu anavyovizoea mtu kwa kuwa vinamchangamsha, mathalani tambuu, tumbaku na kahawa. Katika shule za Kenya likatwikwa jukumu la kutaja shughuli aipendayo mtu wakati wa mapumziko yake. Siku hizi magazetini na redioni limerudi karibu na lilikotoka, kwani aghalabu hulisikia likiandamana na pombe au dawa za kulevya. Neno moja, basi, linabeba sifa na lawama kwa pamoja. Silalamiki, kwa maana lugha zote hufanya hivyo. Ila neno hilo linatupa kipimo kizuri. Ukitaka kujua kama uraibu wa mtu unajenga au unabomoa, mtazame baada ya miaka kumi uone umemwachia nini mkononi.

Wenzetu wa nchi nyingine waliuweka uraibu wa treni katika mizani hiyo zamani. Nchini Ujerumani, kampuni ya Märklin ilionyesha treni zake ndogo za kuchezea, zikiwa na reli za vipimo maalumu, katika maonyesho ya Leipzig mwaka wa 1891. Huko Uingereza, Frank Hornby, ambaye tayari alikuwa amebuni vyuma vya kuunganishwa vinavyojulikana kwa jina la Meccano, alianza kuuza treni zake ndogo mwaka wa 1920. Mjini Hamburg, pacha wawili, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka wa 2001 reli ya mfano iitwayo Miniatur Wunderland, ambayo imekua ikawa kubwa kuliko zote za aina yake duniani na huwavutia wageni kutoka kila pembe. Mchezo wa watoto umegeuka kiwanda, umegeuka utalii, umegeuka ajira.

Ni kweli kwamba wapenzi wengi wa treni, hapa na ng'ambo, hupenda zaidi zile za mvuke. Jambo hilo si la kushangaza. Treni ya mvuke hupumua, hulia na kutoa jasho kama kiumbe. Ukizuru Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, utaikuta nambari 5918, Mount Gelai, na hutahitaji kuambiwa na mtu kwamba umesimama mbele ya kitu kikubwa. Hiyo ni moja kati ya injini 34 za aina ya Garratt zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mnamo 1955 na 1956, kisha zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna injini za mvuke zilizozishinda kwa uzito na nguvu katika reli zote za upana wa mita moja ulimwenguni.

Dizeli haina bahati hiyo. Kwa macho ya wengi, ni sanduku la chuma linalonguruma. Hata lugha yetu bado imeng'ang'ania mvuke. Tunaendelea kusema garimoshi, ingawa treni za umeme zilizoanza kuwabeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka wa 2024 hazifuki moshi wowote relini. Lakini hebu tulifungue hilo sanduku tuone kilichomo ndani yake.

Injini hiyo ilipata jina lake kutoka kwa mhandisi Mjerumani, Rudolf Diesel, aliyezaliwa mwaka wa 1858 na ambaye injini yake ilifaulu mjini Augsburg mwaka wa 1897. Ndani yake hewa hushindiliwa hadi ikapata joto jingi mno, kisha mafuta hupulizwa humo na kuwaka yenyewe bila kuhitaji cheche. Katika vichwa vingi vya treni, injini hiyo haizungushi magurudumu moja kwa moja. Huzungusha jenereta, jenereta huzalisha umeme, na umeme huo ndio unaoziendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa ufupi, kichwa cha treni ya dizeli ni kituo kidogo cha umeme kinachosafiri. Mwalimu wa fizikia anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake jinsi nishati inavyogeuka kutoka hali moja hadi nyingine hawezi kupata mfano bora zaidi ya huo, nao hupita karibu na shule nyingi zilizo kandokando ya reli.

Isitoshe, dizeli ndiyo reli ya kizazi chetu. Ujenzi wa reli ulianzia Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Hiyo ndiyo historia tunayoikariri darasani, na aghalabu tunaishia hapo kana kwamba reli ilikufa siku ilipofika ziwani. Dizeli kubwa za mwanzo ziliingia Afrika Mashariki mnamo miaka ya 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 na shirika la pamoja la reli likagawanywa, Kenya ilianzisha shirika lake. Miongoni mwa vichwa vilivyolitumikia ni vile vya daraja la 93, vilivyoundwa na General Electric ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, na vya daraja la 94 vilivyofuata miaka ya 1980. Sisi tuliozaliwa miaka hiyo hatukuona mvuke ukifanya kazi. Treni ya usiku iliyotupeleka Pwani, ile ambayo mtu aliamka alfajiri na kuona mibuyu dirishani, ilivutwa na dizeli. Vichwa hivyo havikupewa majina ya milima, vilipewa nambari tu. Pengine ndiyo sababu tumevisahau upesi.

Safari hiyo ya usiku ilikoma mwaka wa 2017. Mwaka huo huo ndipo reli mpya ya upana wa milimita 1,435 ilipoanza kazi kati ya Mombasa na Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 472, ikiwa na vichwa vya dizeli vilivyoundwa China. Mwaka wa 2020 zikaja treni za dizeli zilizokuwa zimetumika katika kisiwa cha Mallorca nchini Uhispania, zikaingizwa katika usafiri wa wakazi wa Nairobi. Kila mageuzi ya namna hiyo yanapotokea, kuna kitu kinachosukumwa kando. Kichwa cha zamani huondolewa mota ili kiponyeshe kingine, husimama uani kikiota kutu, na hatimaye hukatwa na kuuzwa kama chuma kikuukuu. Kama hapana aliyekipiga picha, habari zake zimekwisha.

Msomaji anaweza kuuliza, picha ya sanduku la chuma itamfaa nani? Itamfaa mwanahistoria kwanza. Rangi na nembo zilizo ubavuni mwa kichwa cha treni ni hati ya umiliki. Zinaonyesha enzi ya shirika la Afrika Mashariki, enzi ya shirika la Kenya, na enzi ya kampuni ya Rift Valley Railways, iliyokabidhiwa uendeshaji wa reli mwaka wa 2006 na ikapokonywa mwaka wa 2017. Nyuma ya kichwa hicho utaona aina ya mabehewa, shehena iliyobebwa, majengo ya stesheni, mavazi ya wasafiri, na wachuuzi wa ndizi na mahindi ya kuchoma. Mpiga picha alilenga treni, lakini kamera ilinasa nchi nzima.

Hapa tuna funzo kutoka Marekani. Kati ya mwaka wa 1955 na 1960, mpiga picha O. Winston Link alizifuata treni za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western zilipokuwa zikielekea mwisho wake. Alizipiga picha usiku, kwa taa nyingi alizozipanga kwa ustadi, na ndani ya picha hizo akawaweka wakazi wa vijiji vilivyopitiwa na reli. Leo hii mtu akitaka kujua maisha ya vijiji hivyo yalivyokuwa, hizo ndizo picha anazoziendea. Dizeli ndizo zilizokuwa zikiiua mvuke wakati ule. Sasa dizeli za kale nazo zimefikiwa na zamu yao. Nchini Uingereza, vichwa 22 vya dizeli vilivyoitwa Deltic, vilivyoanza kazi mnamo 1961 na 1962, viliondolewa relini kufikia Januari 1982. Sita kati yake vingalipo, na sehemu kubwa ya shukrani iwaendee raia wa kawaida waliochanga fedha zao wakavinunua na kujifunza kuvitengeneza. Inafaa tujue pia kwamba kampuni iliyoziunda Deltic hizo, English Electric, ndiyo iliyoziunda dizeli kubwa za mwanzo zilizoletwa Afrika Mashariki. Ndugu wa damu moja wamehifadhiwa kwa heshima kule, ilhali wa kwetu tunashindwa hata kukumbuka walikuwa na sura gani.

Hata hivyo, kupiga picha treni nchini mwetu si jambo jepesi. Anayeelekeza kamera karibu na reli hutazamwa kwa jicho la shaka. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa akikusanya istilahi za wafanyakazi wa reli kwa ajili ya tasnifu yake aliwahi kufukuzwa katika stesheni fulani na kulazimishwa kuzifuta picha zake zote, ingawa alikuwa na barua ya chuo mfukoni. Simlaumu mlinzi aliyemfukuza. Nchi hii imeonja ugaidi, na mlinzi ambaye hakupewa mwongozo atachagua kukataza kuliko kuruhusu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufutwa kazi kwa kukataza. Ninachokililia ni huo mwongozo. Wanaohusika waseme waziwazi ni wapi raia anaruhusiwa kupiga picha pasipo kibali, ni wapi anahitaji kibali, na kibali hicho kinatolewa na nani na kwa muda gani. Raia akijua mpaka hatauvuka, na mlinzi akiujua hatamsumbua asiyeuvuka. Ikumbukwe kwamba siku hizi karibu kila msafiri ana kamera ndani ya simu yake. Kumkataza mwanafunzi mwenye barua, huku mamia ya abiria wakijipiga picha kwenye jukwaa hilo hilo, hakuongezi usalama hata chembe.

Sasa tuugeukie upande wa pili wa uraibu huu, yaani uundaji wa reli za mfano. Sarufi ya Kiswahili hufanya vitu kuwa vidogo kwa urahisi wa ajabu. Gari huwa kigari, mlima huwa kilima, na mji umetupa kijiji. Walimu wenzangu wanajua kwamba udogo huo mara nyingi huandamana na dharau. Ukimwita mtu kijitu hukusudii kumsifu. Nahofia kwamba mazoea hayo ya lugha yametuambukiza fikra kuwa kila kitu kidogo ni duni, na kwamba mtu mzima anayeunda kijitreni amerudi utotoni. Udogo wa treni ya mfano ni wa namna nyingine. Unatawaliwa na hisabati, na hauna huruma kwa mvivu.

Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani ni cha 1 kwa 87, maana yake kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli mpya ya milimita 1,435 ukiigawanya kwa 87 unapata milimita 16.5. Reli ya zamani ya mita moja inakuwa milimita 11.5, na waundaji huikadiria kwa milimita 12. Kichwa cha treni chenye urefu wa mita 20 kinakuwa sentimita 23, kiasi cha kukaa juu ya daftari. Treni inayokwenda kilomita 80 kwa saa itatakiwa kutembea takriban sentimita 26 kwa sekunde mezani, ama sivyo itaonekana kama panya aliyefukuzwa. Na je, mtu akitaka kuujenga mwendo wote wa kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi? Atahitaji reli ndogo ya kilomita 5.4. Mpe mwanafunzi wa darasa la saba hesabu hizi na uone kama atauliza tena uwiano una manufaa gani maishani.

Baada ya hesabu huja jiografia. Reli yetu kongwe iliondoka usawa wa bahari, ikapanda hadi Nairobi, ikateremka katika Bonde la Ufa, kisha ikapanda tena kufikia zaidi ya mita 2,700 huko Timboroa. Anayeunda mfano wa sehemu yoyote ya njia hiyo sharti ajiulize kwa nini wahandisi walizunguka mlima badala ya kuupasua, na kwa nini treni ndefu ikishindwa na mwinuko hugawanywa au huongezewa kichwa cha pili. Atajiuliza pia maji yalipatikana wapi kwa ajili ya mvuke, na ni miji ipi iliyozaliwa kwa sababu hiyo. Hayo ni maswali ambayo ramani ya ukutani haimlazimishi mtu kuyauliza, lakini kilima cha karatasi na gundi kinamlazimisha, maana asipoyajibu treni yake haipandi.

Kuna watakaodai kwamba haya ni mambo ya kizungu. Madai hayo hayana msingi. Mtoto gani wa mashambani nchini Kenya hakuwahi kuunda gari la waya, likiwa na magurudumu ya kandambili kuukuu, usukani mrefu na taa za vifuniko vya soda? Watoto wetu wamekuwa waundaji wa vielelezo kwa miaka mingi, tena bila duka la kununulia vipuri. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kumwambia mtoto huyo, "Mwanangu, hebu sasa tulipime lile basi la kweli, halafu uliunde tena kwa kipimo." Hapo ndipo mchezo ungegeuka uhandisi. Badala yake, tulimwambia aache kuchezea takataka akasome.

Wenzetu hawakuwaambia vijana wao hivyo. Katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, maarufu kama MIT, wanafunzi walianzisha chama cha reli ya mfano mwaka wa 1946. Chini ya meza ya reli hiyo kulikuwa na msitu wa nyaya na swichi za simu zilizokwisha kutumika, ambazo vijana hao walizifunga ili treni nyingi ziweze kuendeshwa kwa pamoja pasipo kugongana. Kompyuta zilipoingia chuoni mwishoni mwa miaka ya 1950, baadhi ya vijana hao walihamishia udadisi wao huko, na ni katika kundi hilo ndimo ulimotokea mchezo wa kompyuta wa Spacewar mwaka wa 1962. Hata neno la Kiingereza analoitwa leo mjuzi anayepenya mitambo ya kompyuta lilipata maana yake ya kisasa katika msamiati wa chama hicho. Mwanaisimu hawezi kulipita jambo hilo bila kusimama. Neno linalotajwa leo na mabenki na majeshi lilikomazwa na vijana waliokuwa wakicheza na vitreni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami naliheshimu. Reli hii ililetwa na wakoloni. Takriban vibarua 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Ardhi ilitwaliwa, na Wanandi waliopinga kupitiwa na reli wakapigwa vita. Je, tuwafundishe vijana kulipenda chombo cha dhuluma? Jibu langu ni kwamba anayeichunguza reli kwa makini hawezi kuikwepa historia hiyo, ilhali asiyeichunguza huikwepa kwa urahisi kabisa. Kijana anayeunda mfano wa daraja atataka kujua ni nani aliyelijenga. Aidha, waliozitunza dizeli hizo tangu Uhuru ni madereva, mafundi, magadi na watandaza mataruma ambao ni baba na babu zetu. Tukiziacha zipotee bila kumbukumbu, jasho la wazee hao ndilo tunalolifuta.

Pingamizi la tatu ni la gharama. Treni ndogo za kununua ni ghali, na shule nyingi hazina hata vitabu vya kutosha. Nakubali. Ndiyo maana siombi shule zinunue. Reli ya mfano inaweza kuanzishwa kwa katoni, waya, unga wa mbao uliotiwa rangi, gundi na mota ndogo iliyotolewa katika redio ya kaseti iliyoharibika. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 ulisifiwa kwa kuzipa kazi za mikono nafasi, na mtaala wa umilisi ulioufuata unatutaka tuwatathmini watoto kwa yale wanayoweza kuyafanya. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za mtaala huu zimeishia mikononi mwa wazazi, wanaokesha wakitengeneza vitu ambavyo watoto wao watavipeleka shuleni asubuhi. Reli ya mfano haiwezi kumalizwa na mzazi usiku mmoja. Huchukua miezi, huhitaji watoto wengi wenye vipawa tofauti, na kosa la mmoja hukwamisha treni ya wote. Sijui funzo bora zaidi la ushirikiano.

Mapendekezo yangu ni manne. Kwanza, shule zilizo karibu na reli zianzishe vyama vya wapenzi wa treni, jinsi zilivyo na vyama vya uanahabari na mazingira. Sheria ya kwanza ya chama chochote iwe kwamba hakuna anayekanyaga reli wala kusimama karibu nayo kwa ajili ya picha, kwa sababu treni haiwezi kukwepa wala kusimama ghafla. Pili, wanaosimamia reli watoe mwongozo wa upigaji picha niliokwisha kuutaja, na watenge siku moja kila mwaka ya kuwapokea wanafunzi katika karakana. Tatu, kabla ya kichwa chochote cha dizeli kukatwa, kipigwe picha pande zote na vipimo vyake viandikwe. Kimoja cha kila daraja kihifadhiwe kando ya Mount Gelai na wenzake wa mvuke. Nne, vyuo vikuu vipokee na kuzitunza picha ambazo familia za wafanyakazi wa reli bado zinazo masandukuni.

Kwa vijana watakaoanza leo, nina ushauri mmoja wa kitaaluma. Sisi wanaisimu tunapokusanya sauti za wazungumzaji, sauti isiyo na maelezo huwa haina thamani. Hali ya picha ni hiyo hiyo. Usiondoke kabla ya kuandika nambari ya kichwa cha treni, tarehe, saa, mahali na upande treni ilikoelekea. Ukimpata dereva au fundi aliyestaafu, muulize kichwa hicho wafanyakazi walikiitaje kwa utani, kwani nambari imo katika majalada ya ofisi lakini jina la utani limo ndani ya kumbukumbu za mtu mmoja tu, na mtu huyo hatakuwapo milele. Jua letu la ikweta ni kali adhuhuri na huutia uso wa treni kiza, kwa hivyo nenda asubuhi au jioni, wakati mwangaza unapoangukia ubavuni.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliyasema hayo wakitazama majahazi, na yanazihusu treni pia. Taifa linalotaka kuunda vyombo vyake lenyewe sharti kwanza liwe na watoto wanaovitazama vyombo kwa makini, wakavipima, wakavichora na kuviunda kwa udogo. Mwalimu atakayesoma haya na kesho amwone mwanafunzi wake akihesabu ekseli za treni inayopita, naomba asimkemee kwa kupoteza wakati. Amwulize amehesabu ngapi. Kama treni hiyo imevutwa na kichwa cha daraja la 93, jibu sahihi ni sita.